Mpera na Tumbo la Kuendesha



Tumbo likijaa gesi, tangawizi inatosha. Likiendesha kidogo, wengi wetu huchemsha majani ya mpera, wala hatuoni haya: Muhimbili wanachunguza dawa za asili tangu mwaka 1974.

Lakini choo kikitoka kama maji ya mchele, hiyo si kazi ya mpera. Kipindupindu cha Dar es Salaam cha Agosti 2015 kilianzia hapa hapa Kinondoni. Mgonjwa huishiwa maji kwa saa chache tu, na wengine eti bado wanangoja mpera upoe! Kama hamna pakiti ya chumvichumvi, changanyeni lita 1 ya maji yaliyochemshwa, sukari vijiko vidogo 6 na chumvi nusu kijiko kidogo. Anywe hata njiani, mkimpeleka zahanati. Usiku pia.