Mashine ijaribiwe pia inapokosea

Siku ya kuonyesha mashine mpya mbele ya wakubwa, kila kitu hufanya kazi. Skrini inajibu, watu wanapiga makofi. Lakini swali linalomhusu mwananchi wa Sandoa ni lingine: mashine ikipata hitilafu, itafanya nini?

Kompyuta kubwa zinazotunza hesabu za benki na za serikali mara nyingi hubeba ndani yake mashine pepe nyingi, kila moja ikifanya kazi kana kwamba ni kompyuta kamili. Ni kama parsele yenye wapangaji wengi: kila mmoja ana mlango wake, lakini bomba la maji ni moja. Kuna programu inayosimamia, na kazi yake ni kuhakikisha mpangaji mmoja hafungi bomba la wote.

Novemba 2015 ilitangazwa kwamba usimamizi huo ulikuwa na tundu. Prosesa ina kengele ambayo mtunga programu huitega ili kazi isimame mahali fulani, atafute kosa. Mtu aliye ndani ya mashine pepe aliweza kuitega mahali ambapo prosesa yenyewe huandika wakati wa kuipiga. Basi kengele inaita kengele, bila mwisho. Prosesa hairudi kwa msimamizi, na kompyuta nzima inaweza kuganda pamoja na wapangaji wasio na kosa. Xen na KVM, zinazotumika sana duniani, zote mbili zililazimika kurekebishwa.

Tarehe 8 Mei 2018 ikatangazwa kasoro nyingine inayohusu kengele hiyohiyo. Windows, Linux na macOS ziliguswa, kwa kuwa maelezo ya prosesa hayakueleweka vizuri. Ikiwa mabingwa hao waliteleza, nani atasema mashine tunazouziwa sisi hazina haja ya kukaguliwa?

Dawa yake inajulikana. Watunzaji wa KVM wana programu ndogo za majaribio: zinaingizwa ndani ya mashine pepe, zinaamsha kengele kwa makusudi, kisha zinaangalia kama jibu ni lile ambalo prosesa halisi ingetoa. Hawangoji kosa lije lenyewe.

Nchi yetu inapiga kura kwa mashine tangu 2018. Mishahara ya watumishi wa serikali ilianza kupitia benki 2011. Sheria ya mambo ya dijitali ipo tangu 13 Machi 2023. Mwalimu wa Sandoa ambaye mshahara wake unapita katika mifumo hiyo hana uwezo wa kuamsha kompyuta iliyoganda mbali naye. Ulinzi wake ni jaribio lililofanywa kabla.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu katika kila mkataba wa serikali wa kununua mfumo wa kompyuta: mfumo ujaribiwe kwa hitilafu kabla ya malipo ya mwisho, matokeo yatangazwe, na wahandisi Wakongomani, wakiwemo vijana wa vyuo vikuu vya Kolwezi na Lubumbashi, wawemo chumbani wakijaribu kwa mikono yao.

Watakaosema ni gharama wajue kwamba majaribio ya KVM ni ya bure, na kompyuta moja ya kawaida inatosha kujifunzia. Shaba na kobalti ya Lualaba zinakwenda kutengeneza vifaa vya dunia nzima. Vinaporudi kwetu, tuvipokee kama wakaguzi.