Suke Lililojaa Huinama

Katika Delta ya Rufiji, mahali mto ule mkubwa ugawanyikapo mikono mingi kabla ya kuingia baharini, watu hulima mpunga kandokando ya mikoko. Mpunga ukaribiapo kuiva, wenye mashamba huhamia katika madungu, yaani vibanda vilivyojengwa juu ya nguzo, wapate kuulinda na ndege na nguruwe mwitu. Mtu aketiye dunguni huona jambo moja waziwazi: masuke yaliyojaa huinama, bali yale yenye mapepe matupu husimama wima.

Nadhani jambo hili lafaa kutufundisha namna ya kumtambua Mkristo anayekua katika imani. Watu wengi hutazama urefu wa bua tu. Husema, "Fulani amekomaa, kwa kuwa alibatizwa zamani," au, "Ajua katekisimo yote kwa moyo," au, "Sauti yake yasikika kuliko zote kanisani." Mambo hayo ni mema, lakini siyo mavuno. Wakristo wa Korintho walikuwa na maarifa na vipawa vya kunena; hata hivyo mtume Paulo aliwahesabu kuwa watoto wachanga. Kwa nini? Kwa sababu walioneana wivu na kugombana.

Basi, tutazame nini? Mimi naona dalili tatu.

Dalili ya kwanza ni upendo wenye gharama. Mwezi wa Aprili mwaka 2024 mto Rufiji ulifurika, ukafunika mashamba na nyumba katika wilaya za Rufiji na Kibiti. Tuseme baada ya msiba kama huo Mkristo mmoja amebakiwa na mbegu za mpunga, na jirani yake hana hata punje. Wenyeji wengi wa huko ni Waislamu, basi huenda jirani huyo asiingie kanisani hata siku moja. Mwenye imani changa atauliza kwanza, "Huyu ni wa dini gani, naye atanilipa nini?" Aliyekomaa atauliza, "Shamba lako lataka mbegu kiasi gani, ndugu yangu?" Wala hatakwenda kulitangaza jambo hilo.

Dalili ya pili ni uaminifu mahali pasipo macho ya watu. Debe alitumialo kumpimia mtoto aliyetumwa na mama yake ndilo alitumialo kumpimia mnunuzi ajuaye hesabu.

Dalili ya tatu ni kukubali kuonywa. Mtu mzima katika imani huanguka naye, lakini hakawii kuinuka, wala hatafuti wa kumsingizia. Petro alimkana Bwana wake mara tatu, akalia kwa uchungu. Baadaye alisimama mbele ya watu wa Yerusalemu, akamshuhudia bila hofu. Aliyeanguka akarudi ni mbora kuliko asemaye kwamba hajaanguka kamwe.

Pengine wewe mwanafunzi ukijipima kwa dalili hizi waona hujafika. Usikate tamaa. Mkulima hang'oi miche yake kila asubuhi apate kuitazama mizizi. Angefanya hivyo, yote ingekufa. Hupalilia, hulinda, hungoja. Nawe fanya vivyo hivyo: sali, soma, omba radhi upesi, kisha baada ya mwaka ujiulize kama hasira yako imepungua na huruma yako imeongezeka. Hapo utajua.

Tena usiwe mwepesi wa kuwapima wenzako. Yako magugu yafananayo na mpunga mpaka siku ya kutoa masuke, na mche mdogo unaoudharau leo waweza kuzaa kuliko wako. Kila mtu na apalilie kwanza shamba lake mwenyewe, na jirani akielemewa na kazi, amsaidie.