Jedwali Pana au Orodha Ndefu?

Muuguzi wa zahanati huko Kigamboni ampimapo mtoto mwenye homa, huandika matokeo katika rejesta. Kila safu wima ya rejesta ina jina lake: umri, uzito, joto la mwili, vimelea vya malaria, dawa. Mtafiti anayezihamishia kumbukumbu hizo katika kompyuta huvutiwa kuiga rejesta ilivyo: mgonjwa mmoja, mstari mmoja. Jedwali pana la namna hiyo lina sifa zake. Husomeka upesi, na wastani wa uzito hupatikana kwa kujumlisha safu moja tu. Hata hivyo, utafiti wa tiba haufai kujengwa juu yake peke yake.

Kwanza, tiba hubadilika. Mwaka 2001 Tanzania iliacha klorokwini kuwa dawa ya kwanza ya malaria, ikachukua SP. Mwaka 2006 zamu ikawa ya ALu. Jedwali lenye safu ya klorokwini lingehitaji kuundwa upya kila mara, pamoja na programu zinazolitegemea.

Pili, mgonjwa hurudi. Katika majaribio ya dawa za malaria, damu hupimwa tena siku ya 3, ya 7, hata ya 28. Vimelea vyaweza kutoweka siku ya 7, kisha vikaonekana tena siku ya 28. Ikiwa jedwali halikuitengea siku hiyo nafasi, dawa iliyoshindwa itasifiwa kuwa imeponya, na watoto wengine watapewa dawa hiyo hiyo.

Njia ya pili ni orodha ndefu, ambamo kila kipimo kina mstari wake: nani kapimwa, nini kimepimwa, lini, na matokeo gani. Dawa mpya haidai safu mpya. Yatosha kuongeza jina lake katika kamusi ya mfumo. Njia hii imekwisha kutumika Afrika Mashariki. Mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa ulioanza mwaka 2001 katika kituo cha afya cha Mosoriot, karibu na Eldoret, Kenya, ni mmoja wa mizizi ya OpenMRS, programu iliyoanzishwa mwaka 2004, ambayo huhifadhi vipimo kwa orodha yenye kamusi.

Wapo wanaoipinga, nao wana hoja. Orodha ndefu huichosha kompyuta inapotafuta wastani. Tena kamusi isipotunzwa, “homa”, “joto” na “joto la mwili” yatahesabiwa kuwa mambo matatu.

Kwa hiyo basi, yafaa kugawa kazi. Yasiyobadilika, kama jinsia na tarehe ya kuzaliwa, yakae katika jedwali. Vipimo vikae katika orodha. Na kamusi ipewe mlinzi wake. Wanafunzi waweza kulithibitisha jambo hili darasani kwa kupima mapigo ya moyo kabla na baada ya mbio, kuyaandika kwa njia zote mbili, kisha kuongeza kipimo cha tatu ambacho hakikutarajiwa.

Jedwali pana laweza kutolewa katika orodha ndefu wakati wowote. Lakini kipimo kilichokosa pa kuandikwa siku kilipofanyika hakirudishwi na kompyuta yoyote.