Fedha ya Bagamoyo Izunguke Bagamoyo

Mwisho wa mwezi, mshahara ukiingia, magari yanatoka Bagamoyo kwenda Dar es Salaam kufuata sukari, sabuni na juisi ya nanasi ya boksi kwenye supamaketi. Juisi ya nanasi! Na Kiwangwa, wilayani humuhumu, mkulima anahangaika kutafuta mnunuzi.

Hao wakubwa wa supamaketi tunawajua. Shoprite ya Afrika Kusini iliuza maduka yake ya Tanzania mwaka 2014, ikaondoka. Nakumatt ya Kenya iliyoyanunua nayo ikaanguka kwa madeni. Supamaketi ya Uchumi ilifunga matawi yake nchini mwaka 2015, wasambazaji wakabaki na ankara mkononi. Tuliowakimbilia ndio hao.

Lakini kwa Mangi, mwenye duka la mtaani, hakujafungwa. Kusi ikivuma na bahari ikachafuka, ngalawa zinalala ufukweni, na mke wa mvuvi anakwenda dukani mikono mitupu. Anapimiwa unga kilo moja, mafuta robo, anaandikwa daftarini. Atalipa samaki wakipatikana. Supamaketi gani itamwandika? Mangi mwenyewe kachukua mzigo kwa mali kauli, na mwenye jumla anamsubiri. Kinachomwezesha kuvumilia ni wewe mwenye mshahara unayelipa taslimu. Ukiipeleka pesa yako Mlimani City kule Dar es Salaam, daftari la mvuvi linafungwa. Wewe ndiye uliyelifunga.

Mtasema bei. Sawa, wakati mwingine kule ni nafuu, lakini jumlisha na mafuta ya gari ndipo tuzungumze. Mtasema mizani ya dukani imechezewa, bidhaa zimepita muda. Yakitokea hayo ni makosa, na mwenye duka aambiwe usoni, arekebishe. Mteja anayehama kimyakimya hajarekebisha kitu.

Nanyi wenye hoteli za ufukweni, mnada wa samaki uko hapo hapo mjini. Mgeni aliyesafiri mpaka Bagamoyo hastahili kupewa minofu iliyogandishwa ya kutoka mbali, wakati changu na kolekole wanapakuliwa asubuhi. Chumvi nayo inavunwa Nunge.

Serikali nayo ina sehemu yake. Halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kuvikopesha vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Vizuri sana. Lakini mkopo bila mnunuzi ni deni tu. Basi kila semina, kila kikao, kila sherehe ya serikali wilayani ilishwe na vikundi hivyo, na walipwe siku hiyohiyo.