Simu Yako Haina Ruhusa ya Kusema "Salama"

Haya jamani, leo nina ugomvi na waandishi wa programu wenzangu, na wa kwanza kugombezwa ni mimi mwenyewe.

Mpwa wangu ana miaka minne. Akilala anakoroma kama lori la mchanga likipanda mlima, kinywa wazi, na mara nyingine pumzi inakatika kabisa. Dada yangu akaniomba nimtengenezee programu ya simu ya kumsikiliza usiku. Nikaandika chapuchapu: ukimya ukizidi sekunde 10, hesabu moja, zikifika 5 kwa saa, toa onyo. Usiku wa kwanza ikatoa rangi ya kijani: "Salama". Dada akashukuru Mungu. Mimi nikajipiga kifua.

Kisha ndipo nikafanya nilichopaswa kufanya mwanzo: kusoma. Wapendwa, hizo sekunde 10 na hizo 5 kwa saa ni vipimo vya watu wazima! Kwa mtoto, njia ya hewa ikiziba kwa muda wa pumzi mbili tu, tayari linahesabiwa tukio, na hata tukio moja kwa saa si la kawaida. Isitoshe, mara nyingi njia ya mtoto huziba nusu tu: anaendelea kukoroma huku oksijeni ikishuka. Maikrofoni inayotafuta ukimya itasikia nini?

Usiniambie ninunue saa ya bei. Kipimo cha Apple Watch kilichoidhinishwa Marekani mwaka 2024 ni cha wenye miaka 18 na zaidi; cha Samsung, 22 na zaidi. Madaktari wa usingizi wa Marekani (AASM) walisema mwaka 2017 kwamba hawapendekezi vipimo vya nyumbani kuwa ndivyo vya kuthibitisha ugonjwa huu kwa watoto.

Najua mtakachosema: maabara za usingizi ni chache na ghali, afadhali kitu kuliko bure. Sawa kabisa! Lakini kitu gani? Mrekodi mtoto kwa video akikoroma, kifua kikionekana na sauti ikisikika. Andika kama anatokwa jasho sana, anakojoa kitandani, anaamka na kichwa kinachouma, au mwalimu analalamika kuwa hatulii. Kile kifaa cha kubana kidoleni tulichokizoea wakati wa Korona, kikiwa na kumbukumbu ya usiku kucha, nacho kinasaidia. Oksijeni ikishuka kwa mafungu, huo ni ushahidi mzito. Isiposhuka, hujathibitisha lolote. Na tukumbuke: utafiti wa Marekani wa mwaka 2020 ulionyesha kwamba kifaa hicho kilikosa kuona upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu kuliko kwa weupe.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja: programu ya nyumbani ina haki ya kusema "nenda kwa daktari". Haina haki ya kusema "usiende". Anayeweka ile rangi ya kijani anauza usingizi wa mzazi kwa pumzi ya mtoto.

Mpwa wangu alipelekwa na video ya dakika mbili. Daktari akaitazama, akamulika koo: tezi zimevimba hadi karibu kugusana. Sasa anasubiri kuonwa na mtaalamu wa masikio, pua na koo.

Ile rangi ya kijani nimeifuta. Wewe je, yako bado ipo?