Wimbo Ukivaa Joho Jingine

Jioni moja, katika nyumba ya nyama choma kando ya ile barabara itokayo Embu kwenda Meru, kabla ya kuingia mjini Chuka, nilimsikiliza kijana mmoja miongoni mwa wale waghani wa mugithi wanaoichukua bendi nzima mikononi mwao: gitaa kifuani, kipaza sauti kinywani, na ubavuni kinanda cha umeme kinachompigia ngoma pasipo kuchoka. Alitoka katika wimbo wa Kimeru akaingia katika wa Kikuyu, kutoka huko akaangukia "Shauri Yako", na watu walipokwisha kusimama kucheza akachomeka ghafula mahadhi ya "Despacito", ambayo maneno yake hakuyajua ila lahani yake aliishika barabara. Mzee mwenzangu mezani akatikisa kichwa, akasema, "Huyu hana lake, kazi yake ni kuiga." Neno hilo nililala nalo, na leo nataka kulijibu kwa insafu.

"Despacito", ambayo kwa Kihispania maana yake ni polepole, ilitoka Januari 2017, ikiwa tungo ya Luis Fonsi wa Puerto Rico, Erika Ender wa Panama na Daddy Yankee, ikaenea duniani hata katika matatu zetu. Mwaka ule ule Fonsi akaungana na Víctor Manuelle, bingwa wa salsa, wakautoa upya wimbo huo: lahani ni ile ile, lakini mdundo wa reggaeton umevuliwa, na mahali pake zimekaa konga, piano na tarumbeta, hata msikilizaji akadhani kwamba wimbo ulizaliwa hivyo. Mwenye mali alikuwapo, akaimba, na majina yote mawili yakaandikwa. Ikiwa kazi hiyo ni ufundi huko Puerto Rico, sioni kwa hoja gani iwe unyonge hapa Chuka.

Wala salsa si mgeni kwetu kama wengi wadhanivyo. Watu waliotekwa katika bonde la Kongo walivuka bahari na ngoma zao vifuani hata Kuba, ambako ngoma hizo zilioana na gitaa la Kihispania. Na mwaka 1930, huko New York, bendi ya Don Azpiazú ilipoingiza katika santuri wimbo wa muuza njugu, "El Manisero", tungo ya Moisés Simons, uzao wa ndoa hiyo ulianza safari ya kurejea. Santuri za namna hiyo, zenye alama ya GV, ziliuzwa Afrika kuanzia miaka ya 1930, na vijana wa Kongo wakazisikiliza, wakaziiga, wakaimba hata Kihispania wasichokielewa, mpaka kuiga kwao kukazaa rumba ambayo leo hapana awezaye kuwanyang'anya. Lau wangalikatazwa kuiga, tungalikosa nusu ya furaha yetu. Na masikio ya nchi hii, yaliyolelewa na wapigaji wa Chuka wanaobana ngoma ndefu mapajani, kila mmoja akijibu pigo la mwenzake, hayahitaji mwalimu wa kuyafundisha salsa.

Kwa hiyo simlaumu kijana kwa kuiga. Ninalomlaumia, na kwalo nawalaumu pia watangazaji wetu na sisi wasikilizaji, ni kunyamaza juu ya mtunzi. "Shauri Yako" tunaijua sote kuwa ya Orchestra Super Mazembe, waliotoka Zaire wakaweka makao Nairobi katika miaka ya 1970, na kwa yakini walivyoipiga waliipamba. Lakini mtunzi ni Nguashi Ntimbo, aliyeiimba kwanza na bendi ya Festival du Zaïre, na katika watu kumi nitakaowauliza sokoni Embu naogopa sitampata mmoja wa kulitaja jina lake. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inampa mtunzi haki ya kutambuliwa kuwa ndiye mwenye kazi, na kutaja jina hakumgharimu mtu hata senti moja. Anayeubadili wimbo bila kumtaja aliyeutunga huwafanya watu waamini kwamba ulidondoka kutoka mbinguni, na mtunzi akiwa hai huumia, akiwa amekufa wanawe hukosa hata ile fahari ya kusikia baba akitajwa.

Kijana alipopumzika nilimwendea, nikampa mkono, nikamwuliza mwenye "Shauri Yako".

"Hiyo ni ya Mazembe, mzee."

"Ni ya Nguashi Ntimbo, mwanangu. Mazembe waliirithi."

Akanitazama, akaniomba nilirudie jina, akaliandika kwa kalamu nyuma ya ile karatasi aliyokuwa akiandikiwa nyimbo ambazo wateja wanazitaka. Aliporudi kwenye kipaza sauti alilitaja, akilisoma silabi kwa silabi, kisha akaupiga wimbo ule upya, tangu mwanzo.