Kabla ya Kuhesabu Dagaa, Tupime Maji

Mjadala wa dagaa umerudi, na makala mbili kubwa za toleo hili zimejipanga katika kambi zilezile: moja inalaumu joto la dunia, nyingine inalaumu nyavu. Zote zimeandikwa kwa uangalifu. Lakini zote mbili zinalichukulia Ziwa Tanganyika kama beseni la maji yaliyotulia, na hapo ndipo ninapogombana nazo.

Ziwa hili halitulii. Kati ya Mei na Septemba upepo wa kusini huvuma kufuata urefu wake, ukayasukuma maji ya juu kuelekea Kigoma na Bujumbura. Nyuma yake, kule Kasanga na Mpulungu, maji baridi hupanda na rutuba iliyokuwa imelala chini. Upepo huohuo huyapoza maji ya kusini. Yakipoa huwa mazito, huzama chini ya yale ya vuguvugu, kisha huanza safari ya kwenda kaskazini bila mvuvi yeyote kuyaona. Upepo ukikatika, tabaka zilizoinama hurudi zikiyumba huku na huku kwa majuma mengi. Mwaka 2011 mtafiti Piet Verburg na wenzake walionyesha kwamba tofauti ya kupoa kati ya kusini na kaskazini inatosha kuendesha mzunguko mkubwa wa maji. Joto la maji ya juu ni nyuzi 26 hivi, la chini kabisa ni 23 na kidogo. Tofauti hiyo ndogo, katika ziwa lenye kina cha mita 1,470, ndiyo inayoamua ni rutuba kiasi gani itakayofika juu kwenye mwanga, na kwa hiyo dagaa watakula nini na migebuka, wanaowinda dagaa, watamla nani.

Wanaolaumu joto wanategemea tafiti mbili za mwaka 2003, zilizolinganisha vipimo vichache vya tangu 1913. Moja ilikadiria kwamba uzalishaji ziwani umeshuka kwa asilimia 20 hivi. Naukubali mwelekeo wake. Ila vipimo vya siku moja moja, vilivyoachana kwa miongo, haviwezi kutueleza maji yanavyosafiri ndani ya mwaka mmoja.

Wanaolaumu nyavu nao wanashangilia kufungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024. Sipingi ziwa kupumzishwa. Lakini miezi ile mitatu ni miezi ya upepo wa kusini. Samaki wakiongezeka Septemba, tutajuaje kama ni kwa sababu nyavu zilianikwa au kwa sababu mwaka huo maji yalipanda vizuri? Wakipungua, je, tutamwadhibu mvuvi kwa kosa la upepo? Sera inayogusa chakula cha jioni kuanzia Ujiji hadi sokoni Tabora haiwezi kujibu swali hili kwa kuhesabu makasha ya dagaa peke yake.

Tumewahi kuwa hapa, kubishana bila kwenda kutazama. Mwaka 1858 msafiri Burton aliambiwa huko Uvira na wana wa mtawala wa pale kwamba Mto Rusizi huingia ziwani. Wakubwa wa jiografia huko London wakaendelea kubishana kama unaingia au unatoka, hadi Novemba 1871 Livingstone na Stanley walipotoka Ujiji kwa mtumbwi wakaenda kutazama. Wenyeji walikuwa wamekwisha kusema.

Kwingine hawabishani tu, wanapima. Kati ya Greenland na Iceland, ambako maji baridi mazito hupita juu ya kizingiti cha bahari kwa kiasi cha mita za ujazo milioni 3 kila sekunde, wanasayansi wameacha vyombo majini tangu miaka ya 1990. Nasi tunahitaji kamba za vipimajoto Kigoma, Kipili na Kasanga, zikae majini mwaka baada ya mwaka, na takwimu zake zimilikiwe na nchi zote nne za ziwa.

Katika makala nyingine za toleo hili, ile ya tumbaku na kuni za Urambo ni fupi, lakini isomwe pamoja na ramani: mito ya Igombe na Ugalla hujaza Malagarasi, na Malagarasi huishia ziwani. Ya reli ya kati ina picha nzuri. Barua za wasomaji ziko mwishoni, na toleo lijalo nitatoa nafasi ya kwanza kwa yeyote, mvuvi au mtafiti, atakayeleta daftari la joto la maji lililojazwa miezi yote kumi na miwili.